"Mbona Sisi Ndio Tulitangulia?": Watoto Wanavyopokelewa Idara ya Dharura

Kila masika sanduku la maoni la idara yetu hujaa, na malalamiko mengi ni ya aina moja. Mzazi amefika saa mbili usiku na mtoto anayechemka homa na kulia, akaambiwa asubiri kwenye benchi. Nusu saa baadaye anaingia mama mwingine, mtoto wake kalala begani kimya, anapitishwa moja kwa moja. Wengi huandika "upendeleo"; wachache huandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Idara ya magonjwa ya dharura haifuati nani kafika kwanza. Muuguzi wa mlangoni humkagua mtoto kabla ya kuandikishwa: je, hewa inapita? Anahema kwa shida? Mikono ni ya baridi, na ukucha ukibonyezwa unachukua zaidi ya sekunde 3 kurudisha rangi? Ana fahamu? Ana degedege? Anaharisha huku macho yamedidimia na ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole? Mwenye dalili za dharura anaingia saa hiyo hiyo, faili litafuata. Wasio nazo lakini wenye umri chini ya miezi 2, walioungua, waliopauka sana, wenye utapiamlo mkali au waliokunywa sumu kama mafuta ya taa, hao ni kipaumbele. Waliobaki wanasubiri foleni, na hali ya mtoto ikibadilika akiwa kwenye benchi, mwite muuguzi, anakaguliwa upya.

Mtoto anayelia kwa nguvu ametujulisha kwa mkupuo kwamba hewa inapita, kifua kina nguvu na akili iko macho. Anayetutia hofu ni yule aliyenyamaza.

Tukija kwenye dripu. Hakuna siku inayopita bila kuulizwa kwa nini mtoto "hajawekewa hata maji". Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka walikufa kwa wingi zaidi kuliko ambao hawakumiminiwa. Dripu ni dawa, ina kipimo chake na madhara yake. Mtoto anayeharisha ambaye bado anaweza kunywa hupewa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini: pakiti ya lita moja kwenye lita moja ya maji safi, si kwenye kikombe, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Vidonge vya zinki ni vya siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Mnaviacha siku ya tatu, tunajua.

Kikohozi hatukipimi kwa ukali wa sauti. Tunafunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia, ndiyo maana tunaomba asinyonye wakati huo. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usingoje kuhesabu.

Degedege ndilo linalotuchosha zaidi, niseme ukweli. Bado yupo mzazi anayezuia mkono wa daktari kwa kuamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Hufa kwa kuchelewa. Akifika tunamlaza ubavu, tunampima sukari na malaria kwa tone la damu, na degedege likiendelea tunampa dawa ya kulituliza, mara nyingine kwa njia ya haja kubwa. Ikiwa ni malaria kali, sindano ya artesunate hutolewa anapofika, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza dawa mseto ya siku tatu. Nyumbani usimtie kijiko mdomoni wala kumnywesha chochote.

Kuhusu "meno ya plastiki", yaani fizi za mtoto zinazodaiwa kuota meno mabaya ya kung'olewa, na kukata kimeo: hayo si magonjwa. Tunapokea watoto wanaovuja damu kwa wembe wa mtaani ilhali kilichowasumbua kilikuwa homa ya mapafu au kuharisha. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mzazi au mlezi wajibu wa kumpatia mtoto matibabu na chanjo, na anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Anayetaka kuondoka na mtoto kabla hajaruhusiwa azungumze kwanza na daktari wa zamu, aelezwe hatari, asaini fomu mbele ya shahidi. Kumtorosha mtoto akiwa na sindano ya mshipa mkononi hakumsaidii mtu, na ustawi wa jamii watajulishwa.

Ukija, beba kadi ya kliniki na kila dawa aliyokwisha kupewa, zikiwemo zile sindano za "UTI" (maambukizi ya njia ya mkojo) za duka la dawa, pamoja na vifungashio vyake. Kama amenyweshwa mitishamba, taja. Atakayekuuliza ataandika tu, hatakugombeza; tunauliza kwa sababu baadhi ya mitishamba huathiri figo na ini, na kipimo cha dawa zetu hubadilika.