Vidonge vitano katika fundo la kanga

Mama huyu alipoketi tu, alifungua fundo la kanga. Nilidhani anatoa nauli ya kurudia. Akamwaga mezani vipande vitano vya karatasi za vidonge, vitatu kati yake vimekatwa kwa mkasi dukani, hata jina halisomeki vizuri. Ana miaka 58, ana pumu tangu utotoni, magoti yanamsumbua, na presha siku hiyo ilisoma 172 kwa 98. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.)

"Mwanangu," akasema, "hivi vyote nimechoka navyo. Niandikie ile ya shoga yangu, yeye presha imetulia kabisa."

Ile ya shoga yake tayari alikuwa nayo: kipande kimojawapo kilikuwa atenololi, alichoazimwa siku nne kabla. Nikamuuliza usiku analalaje. Akasema tangu wiki hiyo kifua kinambana, anaamka kuketi. Atenololi hupunguza mapigo ya moyo, lakini inaweza pia kubana njia za hewa za mtu mwenye pumu. Shoga yake hana pumu, na pengine aliandikiwa kwa sababu ya moyo, kwani huko dawa za kundi hilo zina kazi kubwa. Kwa presha peke yake, siku hizi hatuanzi nazo.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "dawa ipi kali zaidi?" Sijui nilijibuje bila kumvunja mtu moyo, maana hakuna. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataja makundi matatu ya kuanzia. Kuna zinazolegeza kuta za mishipa, kama amlodipini. Kuna zinazozuia homoni inayobana mishipa: hizi ni ndugu wa damu, ukoo wa "prili" (kaptoprili, enalaprili, lisinoprili) na ukoo wa "satani" (losatani, telmisatani). Na kuna za kukojosha za taratibu, kama haidroklorothiazaidi, zinazotoa chumvi kupitia figo. Ukizipima kila moja peke yake, hazipishani sana kwa nguvu. Zinapishana kwa mwili unaozimeza.

Sisi Waafrika weusi, kwa wastani, figo zetu huing'ang'ania chumvi, na ile homoni ya kubana mishipa huwa chini. Ndiyo maana "prili" ikiandikwa peke yake mara nyingi haifui dafu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa wagonjwa 728. Walipewa jozi tatu: amlodipini na ya kukojosha, amlodipini na "prili", au "prili" na ya kukojosha. Baada ya miezi sita, jozi zote mbili zenye amlodipini zilishusha presha kuliko ile isiyo nayo. Mimi naupenda utafiti huu kwa sababu unafanana na watu ninaowaona, si watu wa mbali.

Na kwa nini jozi? Nusu ya dozi ya kawaida huleta takriban asilimia 80 ya kazi ya dozi nzima, ilhali madhara mengi hupungua zaidi ya hapo. Kwa hiyo dawa mbili kwa kiasi kidogo hushinda moja iliyojazwa hadi mwisho. Mgonjwa akisikia "mbili" huona hali yake imekuwa mbaya. Sivyo.

Turudi mezani. Kipande cha pili kilikuwa amlodipini ya miligramu 10, na cha tatu furosemidi. Hadithi yao nimeisikia mara nyingi mno. Amlodipini ilimvimbisha miguu, akaenda kwingine, akapewa furosemidi ya kutoa maji. Uvimbe haukuondoka, bali alianza kukatiza safari za daladala kutafuta choo, mwishowe akaacha zote mbili. Uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini. Dawa hufungua mishipa midogo inayoleta damu, lakini ile inayoirudisha haifunguki kwa kiasi hicho, basi maji huvujia kwenye vifundo vya miguu. Furosemidi haizibi uvujaji huo. Tiba ni kupunguza dozi, au kuongeza "prili" au "satani", ambazo hufungua pia upande wa kurudi.

Cha nne, kaptoprili. Alikuwa anameza kichwa kikiuma tu. Dawa hii, ambayo chimbuko lake ni utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil, hudumu saa chache, huhitaji kumezwa mara mbili au tatu kila siku, na presha haina adabu ya kuuma kichwa kabla haijapanda. Cha tano, diklofenaki ya kutuliza maumivu ya magoti. Hiki ndicho kilichonikera. Hufanya figo zishike chumvi, hupunguza nguvu ya dawa za presha, na ikichanganywa na "prili" na furosemidi huweza kuziumiza figo zenyewe. Hakuna aliyemuuliza kuhusu magoti, kwa sababu hakuna anayeita diklofenaki dawa ya presha.

Tulipima figo na potasiamu, vikatoka vizuri. Nikamwandikia amlodipini 5 na losatani 50, kila moja mara moja asubuhi, na parasetamoli ya magoti. Sikuchagua "prili" kwa sababu huleta kikohozi kikavu, na kwa mwenye pumu kikohozi hicho kingetuchanganya sote wawili; pia wakati mwingine huvimbisha midomo na ulimi, jambo la hatari linaloonekana zaidi kwa watu weusi. Angekuwa binti wa miaka 28 anayetafuta mtoto, nisingegusa "prili" wala "satani", kwa kuwa hudhuru mtoto tumboni. Hapo ningekwenda kwenye methildopa au nifedipini ya kuyeyuka taratibu.

Kabla hajaondoka nilimuuliza kama mwezi ujao ataweza kununua zote mbili. Alihesabu kwa vidole, akasema akipunguza vocha ya simu, ndiyo.

Baada ya wiki nne alirudi kupima tena potasiamu. Presha 136 kwa 82. Alinyoosha mguu mwenyewe, akabonyeza kifundo kwa kidole, kikabaki kishimo kidogo tu. Kisha akaniomba radhi: hakuja peke yake. Shoga yake alikuwa nje, kwenye benchi, na kanga yake nayo ilikuwa na fundo.