Joistiki ya Padi ni Nini?

Katika vibanda vya gemu vya Kondele na Manyatta mjini Kisumu, neno joistiki lina maana mbili. Wengine huita hivyo padi nzima, yaani kifaa cha kuchezea gemu kinachoshikwa kwa mikono miwili, na wengine humaanisha vile vijiti viwili vifupi vinavyoendeshwa kwa vidole gumba. Maana hii ya pili ndiyo ninayoieleza, kwa sababu anayeielewa hucheza vizuri zaidi na, jambo ambalo kwangu lina uzito uleule, huitunza padi ya mwenye kibanda.

Kitufe cha kawaida cha padi, kama kile cha kutoa pasi katika gemu ya kandanda, hutambua mambo mawili tu: kimebonyezwa au kimeachiliwa. Joistiki ya mashine ya gemu ya Atari ya miaka ya 1970 nayo ilikuwa hivyo, kwani ndani yake mlikuwa na swichi za pande nne ambazo hazikupima umeisukuma kiasi gani. Vijiti vya padi ya DualShock, ambayo Sony iliitoa mwaka 1997, ni vya analogi: chini ya kila kimoja mna vipimo viwili, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha mbele na nyuma, na kila unapokisogeza, ukinzani wa umeme hubadilika, hivyo mashine hujua upande na pia kiasi.

Ndiyo maana katika gemu ya kandanda kijiti cha kushoto kikisukumwa nusu, mchezaji hutembea mpira ukiwa karibu na mguu, na kikifika ukingoni, hukimbia. Mgeni hukikandamiza mwishoni muda wote, akidhani nguvu ya kidole itaongeza mbio, kumbe kipimo kimeshafika kikomo na kinachoumia ni kijiti. Cha kulia hutumika kwa chenga, na kukibonyeza chini huwa ni kitufe kingine, R3.

Kijiti kikiachiliwa hakirudi katikati kabisa, kwa hiyo gemu hupuuza eneo dogo la katikati. Msuguano ukishakula utando wa kaboni ulio ndani ya vipimo, kosa hilo la kutorudi katikati huvuka eneo linalopuuzwa, na beki wako huanza kujiendea hali hujagusa kitu. Kulipanua eneo hilo kwenye mipangilio husaidia kwa muda, ingawa miguso midogo hupotea. Padi zinazopima kwa sumaku, kama ile ya mashine ya gemu ya Dreamcast ya mwaka 1998, hazina utando huo wa kusuguliwa.