Je, wajua kwa nini mtu mmoja akifeli anaamka tena na mwingine anaishia palepale?

Kuna swali limenikaa kichwani siku nyingi. Watu wawili wanapata pigo lilelile, tuseme wote wamefeli mtihani au wote biashara zao zimekufa mwezi mmoja, halafu baada ya wiki mbili mmoja ashaanza upya na mwenzake mwaka unaisha hataki hata kusikia hiyo habari ikitajwa. Ukiuliza, watu wanakujibu chap, ah yule ana moyo, huyu moyo wake mwepesi, basi. Lakini hilo halielezi kitu, manake hata wewe mwenyewe kwenye jambo moja unaweza kuwa king'ang'anizi na kwenye jingine ukawa ulishanyoosha mikono kitambo. Sasa kinachotofautisha ni nini hasa?

Jibu lilianza kuonekana maabara, na inasikitisha kwamba lilipatikana kwa kuumiza wanyama. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, watu wa saikolojia Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, waligawa mbwa makundi matatu. Kundi la kwanza walikuwa wanapigwa shoti ya umeme lakini mbwa akisukuma kibao kwa kichwa shoti inakatika. Kundi la pili walipigwa shoti ileile kwa muda uleule, ila kibao chao hakikufanya kazi, wasukume wasisukume ni sawa tu. Kundi la tatu hawakuguswa. Kesho yake wote wakawekwa kwenye boksi lenye kizuizi kifupi katikati, shoti ikija unaruka upande wa pili umepona. Kundi la kwanza na la tatu wakaruka. Wale wa kundi la pili wengi walilala chini wakaisubiri iishe yenyewe, na kizuizi kiko hapohapo mbele yao.

Hapo ndo pa kusoma mara mbili. Kundi la kwanza na la pili walipata maumivu sawasawa kabisa, kwa hiyo kilichowavunja wale wengine sio maumivu, ni kule kufanya kitu na kuona hakibadilishi chochote.

Mwaka 1974 Donald Hiroto akajaribu kitu kama hicho kwa watu, safari hii kwa makelele ya kuudhi badala ya shoti, na ikawa hivyohivyo, wale ambao mwanzoni hawakuweza kuyazima makelele, baadaye walipopewa njia rahisi ya kuyazima wengi walikaa tu. Lakini kama theluthi moja hivi hawakukata tamaa hata walipofanyiwa nini. Seligman akaanza kuwachunguza watu wa aina hiyo, akakuta tofauti kubwa iko kwenye namna mtu anavyojieleza mwenyewe kilichotokea. Mmoja akifeli anasema mimi kichwa kigumu, yaani tatizo ni yeye mzima, litakuwepo siku zote na litamharibia kila kitu. Mwingine anasema nilianza kusoma nimechelewa, halafu sehemu ya mahesabu sikuigusa. Huyu wa pili hajajidanganya wala hajajipa moyo wa bure, amekubali amefeli, ila maelezo yake yana mlango wa kutokea, na ya mwenzake hayana. Mimi naona hapo ndo maana halisi ya mawazo chanya, na sio kile kitu cha kutabasamu wakati roho inakuuma.

Sasa kuna sehemu watu wengi hawaijui, na kwangu ndo tamu kuliko zote. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mnyama au mtu *anajifunza* kukata tamaa, yaani anazaliwa na matumaini halafu mapigo yanamfundisha kuyaacha. Mwaka 2016, karibu miaka 50 baada ya lile jaribio, Seligman na Maier haohao waliandika kwamba waliielewa kinyume. Maier alikuwa amehamia kwenye utafiti wa ubongo na akafanya kazi muda mrefu na panya, na alichokikuta ni kwamba kunyong'onyea ndo jibu la asili la ubongo tabu ikizidi na ikirefuka. Kuna sehemu ndani kabisa kwenye shina la ubongo ambayo ikishawashwa na tabu ndefu inamzima mnyama, analala. Kinachojifunzwa ni upande wa pili, kwamba nikifanya hivi kitu kinabadilika, na kazi hiyo inafanywa na sehemu ya mbele ya ubongo, huku nyuma ya paji la uso, ambayo ikishagundua kwamba usukani uko mikononi mwako inatuma amri kule chini ya kuzima ile hali ya kulala.

Fikiria hiyo inamaanisha nini kwa mtu anayejilaumu kwamba yeye ni dhaifu kwa sababu amepoteza hamu baada ya kuanguka mara kadhaa. Hajaharibika. Ubongo wake umefanya kile ambacho ubongo hufanya. Matumaini ndo yanatakiwa kufundishwa, na yanafundishwa kwa vitendo, manake unajua wale mbwa walitibiwaje? Haikutosha kuwaita, wala kuwawekea chakula upande wa pili. Mwaka 1968 watafiti waliwafunga kamba wakawavuta kwa nguvu kuwapitisha juu ya kizuizi, tena na tena, mwanzo mbwa mzito kama gunia, halafu kadiri wanavyorudia anakuwa mwepesi, mpaka akaanza kuruka mwenyewe. Miguu ilitangulia, moyo ukafuata nyuma. Na mbwa ambao kabla ya tabu walishawahi kupata nafasi ya kuikata shoti wenyewe, walipokuja kupigwa shoti isiyokatika hawakuvunjika, kama vile walikuwa wamechanjwa.

Kwa hiyo mtu akikwambia subiri kwanza upate motisha ndo uanze tena, mpangilio wake umegeuka. Unaanza na kitu kidogo ambacho kweli kiko kwenye uwezo wako, hata kama ni kuandika barua moja au kurudia swali moja, sio kwa sababu kitakufikisha leo bali kwa sababu ubongo unahitaji ushahidi kwamba ukisukuma kibao, kinafanya kazi.

Na hapa lazima niseme kuhusu ile habari ya kukaa na kujiona umeshafanikiwa, ile ya fumba macho jione kwenye ofisi kubwa unapigiwa makofi. Inahubiriwa sana na inaumiza watu. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia kutoka Ujerumani, ameifuatilia hii kwa miaka mingi. Mwaka 1991 yeye na Thomas Wadden walifuatilia wanawake waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito, wakakuta mambo mawili ambayo sisi huwa tunayachanganya. Wale waliotarajia kwamba wataweza walipungua zaidi. Wale waliokuwa na njozi tamutamu za kujiona tayari wembamba walipungua kidogo. Baadaye akafuatilia wanafunzi wanaomaliza chuo, na waliokuwa na njozi nyingi za kazi nzuri, baada ya miaka 2 walikuwa wametuma maombi machache, wameitwa kazini kidogo na mishahara yao ilikuwa chini. Majaribio mengine yake yalionyesha njozi tamu inashusha nguvu ya mwili, hata presha ya damu inashuka kidogo, yaani mwili unapumzika kama mtu aliyeshafika. Anachoshauri yeye ni kuiwaza ndoto yako halafu hapohapo uwaze kizuizi kilichopo ndani yako mwenyewe, kisha upange ukikutana nacho utafanya nini. Ikifika saa mbili usiku na nimechoka, nitafungua daftari dakika 10 tu. Mipango ya namna hii, ya ikitokea hivi nafanya hivi, imechunguzwa sana na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na imeonekana inasaidia watu kutimiza walichokusudia kuliko kusema tu nitajitahidi.

Lakini kung'ang'ania peke yake hakutoshi, hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mimi mtihani mmoja niliufeli mara 3 na mara zote 3 nilisoma vilevile, notsi zilezile, usiku uleule, tofauti ni kwamba kila mara nilisoma kwa hasira zaidi. Nilidhani huo ndo uvumilivu. Mwaka 2019 Yian Yin, Dashun Wang na wenzao walichapisha utafiti ambao ungenisaidia sana siku zile. Walichambua maombi 776,721 ya fedha za utafiti yaliyopelekwa kwenye taasisi ya taifa ya afya ya Marekani kati ya 1985 na 2015, pamoja na kampuni changa, wakilinganisha waliofeli weee mwisho wakapata na waliofeli mpaka wakaacha. Idadi ya majaribio ilikuwa karibu sawa! Walioshindwa hawakuwa wavivu. Tofauti ilikuwa kwamba wale waliokuja kufaulu walibakiza kilichokuwa kizuri kwenye jaribio lililopita na kurekebisha kilichokuwa kibovu, kwa hiyo muda kati ya jaribio na jaribio ukawa unapungua. Wengine walikuwa wanatupa kila kitu na kuanza sifuri, wanachoka bila kusogea.

Katalin Karikó ni mfano wa hili ambao mimi siuchoki. Alizaliwa Hungaria 1955, akahamia Marekani 1985 na mume na mtoto mdogo wa kike, pesa zao zimeshonewa ndani ya mdoli wa dubu wa mtoto. Alitaka kutumia mRNA, ule ujumbe unaoambia seli itengeneze protini gani, kama dawa. Maombi yake ya fedha yalikataliwa tena na tena, na mwaka 1995 akashushwa cheo, kwenye chuo hikihiki cha Pennsylvania. Ila angalia alivyong'ang'ania. Shida ilikuwa mRNA ikiingia mwilini inaamsha kinga na kuleta uvimbe. Yeye na Drew Weissman, waliyefahamiana kwenye mashine ya kutolea kopi, wakagundua kuna aina nyingine ya RNA isiyoleta hiyo shida, wakajiuliza ina nini cha tofauti, wakabadilisha herufi moja tu ya kemia kwenye mRNA na uvimbe ukatulia. Walichapisha 2005 na wala dunia haikushtuka. Mwisho wa 2020 chanjo za korona zilizotumia njia hiyo zilianza kutolewa, na 2023 wote wawili wakapata Tuzo ya Nobel. Fedha na cheo havikuwa mikononi mwake. Jaribio la kesho lilikuwa mikononi mwake, na nadhani ndo lilimfanya asilale chini.

Watu huniuliza, sasa nitajuaje kama niendelee au niache? Carsten Wrosch na wenzake mwaka 2003 walionyesha kwamba watu wanaoweza kuachia lengo ambalo kweli halifikiki, na kushika lingine, wanakuwa na stresi kidogo na hali nzuri zaidi ya maisha, kwa hiyo kuacha sio dhambi. Mimi siangalii nimefeli mara ngapi. Nachukua jaribio la mwisho na la kabla yake naziweka pamoja mezani, natafuta nini kimebadilika. Kwenye ule mtihani wangu nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza niliona maksi zote nilizokuwa nazipoteza zilitoka kwenye mada mbili tu, nilizokuwa nazikimbia tangu mwanzo, na nikaanza na hizo.