Jina la biashara si alama ya biashara

Wafanyabiashara wengi Tanzania huamini kwamba ukishasajili jina BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara), basi jina ni mali yako na hakuna wa kuligusa. Si kweli, na imani hii imewaumiza watu waliojenga jina kwa jasho.

Cheti cha jina la biashara kinaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina lipi. Hakikupi haki ya kumzuia mwingine kulibandika kwenye chupa zake za asali. Haki hiyo hutokana na alama ya biashara, ambayo husajiliwa BRELA hapo hapo lakini kwa ombi jingine, chini ya sheria ya mwaka 1986. Unalinda jina au nembo kwa aina ya bidhaa au huduma ulizotaja: aliyesajili kwa sabuni hajalinda mgahawa. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10.

Na jambo linalosahaulika mno: usajili wa Bara hauvuki bahari. Ukiuza Unguja au Pemba, omba pia Zanzibar, kwa BPRA, wakala wa usajili wa huko. Fanya hivyo kabla hujachapisha lebo.