Upepo wa tairi na upepo wa nyika

Mtu akiniletea baiskeli ya changarawe, yaani ya njia zisizo na lami, niikague kabla ya safari ndefu ya nyikani, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuminya tairi kwa kidole gumba. Mara nyingi nakuta limejazwa mpaka linalia kama ngoma. Mwenyewe kalijaza hivyo kwa nia njema, maana amezoea lami, na kwenye lami iliyonyooka tairi gumu hukimbia vizuri. Tatizo ni kwamba anakokwenda hakuna lami.

Kiswahili chetu kina neno moja, upepo, kwa kilichomo ndani ya tairi na kwa kinachovuma nje. Kwa anayeendesha kwenye uwanda wazi na njia kuukuu za mashambani, naona neno hilo limebeba karibu safari nzima. Milima ya kutisha hakuna huko. Kinachokuchosha ni ardhi inayokutikisa saa nzima bila kupumzika, na hewa inayokusukuma kifuani bila kitu cha kuizuia. Hayo mawili ndiyo ninayotumia muda mwingi kuwaeleza wanaoanza.

Tuanze na upepo wa ndani. Tairi gumu likikutana na jiwe haliwezi kulimeza, hivyo linalipanda. Baiskeli inanyanyuka, na mwili wako pamoja nayo, kisha vyote vinashuka. Nguvu iliyokunyanyua umeitoa wewe miguuni, lakini haikukupeleka mbele. Imeishia kwenye viganja, mabega na mgongo, ambako inageuka uchovu. Tairi laini hulibonyea lile jiwe, likalikumbatia na kupita, huku wewe juu hujainuka hata kidogo. Zidisha hilo kwa maelfu ya mawe kwa saa ndipo utaona kwa nini mtu mwenye tairi laini anamwacha mwenye tairi gumu kwenye changarawe, ingawa kwenye lami ingekuwa kinyume.

Kwa mwendeshaji wa kilo 70 hivi, tairi la upana wa milimita 40 hadi 45 lisilo na tyubu, lile ambalo ndani hutiwa dawa ya majimaji ya kuziba matundu, mimi naanzia psi 30 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi) mbele na 33 nyuma. Nyuma inapata zaidi kwa sababu ndiko uzito wa mwili unakoegemea. Baada ya hapo napita kipande kibaya cha njia, natoa psi mbili, napita tena. Nikisikia rimu imegonga jiwe, au tairi linajikunja ninapokata kona, najua nimepita kiasi na narudisha kidogo. Fanya zoezi hili karibu na nyumbani, siku ambayo huna haraka, na uandike namba zako. Nunua pia kipimo kidogo cha upepo cha mkononi, kwa sababu saa ya pampu ya miguu mara nyingi haisomi vizuri kwenye namba za chini, na huku chini psi tatu ni tofauti kubwa.

Ukishapunguza upepo, adui anayebaki ni jiwe lenye makali, na hapa kuna jambo linalonivutia sana. Sehemu mbili zinazotajwa mara nyingi na watu wa mchezo huu zina jiwe la aina moja. Ya kwanza ni nyanda za chaki, yaani mwamba mweupe wa chokaa, za kusini mwa Uingereza, kama Salisbury Plain na njia ya kale iitwayo Ridgeway, yenye urefu wa kilomita 139 kutoka Overton Hill hadi Ivinghoe Beacon. Ya pili ni Flint Hills, jimbo la Kansas nchini Marekani, yanakofanyika mashindano ya baiskeli ya Unbound yaliyoanza mwaka 2006 na ambayo njia yake kuu ni maili 200, yaani kilomita 320 hivi. Kote kuwili ardhini mna gumegume, jiwe lilelile lililotoa cheche kwenye bunduki za zamani. Likipasuka, ukingo wake hukata kama kisu. Huko Kansas jiwe hilo, pamoja na udongo wake mwembamba, liliwashinda wakulima kupitisha plau, na ndiyo maana nyasi ndefu za asili zimebaki. Yaani kilichokuhifadhia uwanda ndicho kinachokuchania tairi.

Mimi lilinipata mchana mmoja, nikishuka mteremko mdogo tu. Nilisikia mlio wa "fiii", kisha matone meupe ya dawa ya kuziba yakanirukia shavu la mguu. Nikasimama na kuligeuza gurudumu ili tundu likae chini, dawa ikusanyike hapo. Kwa tundu la katikati, kwenye meno ya tairi, hilo hutosha, na lisipotosha unachomeka utepe wa mpira unaonata. Langu lilikuwa ubavuni, mchano wa urefu wa ukucha, nao ulikuwa unafunguka na kufumba kama mdomo kila nikiminya. Ubavu ni mwembamba na unajikunja muda wote, kwa hiyo dawa haishiki. Nilichofanya ni kulivua upande mmoja, kuweka kwa ndani kipande cha tairi chakavu ninachobeba kila siku, ukubwa wa kiberiti, kisha kutia tyubu na kujaza taratibu huku nikiangalia kama kiraka kinasukumwa nje. Nilimaliza hivyo kilomita zote zilizobaki. Kipande kile hakina uzito wowote. Nakuomba ubebe chako.

Chaki ina tabia nyingine. Ikikauka ni njia nzuri kuliko nyingi, nyeupe na ngumu. Mvua ikinyesha, sehemu ya juu inageuka uji mwembamba unaoteleza kama sabuni, na tairi likishapakwa hupoteza meno yote. Hapo usipige breki ya mbele ukiwa umeinamia kona. Punguza mwendo kabla, nyoosha baiskeli, acha igeuke yenyewe. Wahenga wa njia hizo waliijua ardhi yao: njia nyingi za kale kule zinapita migongoni mwa vilima, ambako maji hayatuami.

Tope zito la nyikani ni habari tofauti. Mwaka 2023 waendeshaji wa Unbound walikutana nalo mapema tu safarini, wengi wakaishia kuzibeba baiskeli mabegani. Tope la namna hiyo hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Kosa linalonisikitisha kila ninapoliona kwenye meza yangu ya kazi ni la mtu aliyeendelea kukanyaga pedeli kwa nguvu. Cheni inakaza, kibadili gia cha nyuma kinavutwa kwenye spoki, na kile kipande chembamba cha alumini kinachokishikilia kinakatika. Safari imeishia hapo. Ukihisi pedeli imekuwa nzito ghafla, shuka. Tembea kwenye nyasi za pembeni na kwangua kwa kijiti bapa, kama kile cha kukorogea rangi.

Kwenye njia za mashambani zilizochimbwa na magari, unapewa mistari miwili yenye nyasi katikati. Chagua mmoja na ukae nao. Ukilazimika kuhama, vuka ukingo kwa pembe iliyo wazi; ukijaribu kuupanda kidogo kidogo kwa ubavu, tairi la mbele linakwaruza kando ya mfereji na kukuangusha. Pale penye matuta madogo yaliyojipanga kama mbavu, ambayo hutengenezwa na magurudumu yenyewe yanaporuka kwenye barabara kavu yenye udongo uliolegea, tafuta ukingoni kabisa. Mara nyingi kuna utepe laini wa shubiri moja.

Nchini Uingereza mwendesha baiskeli ana haki ya kutumia njia za farasi tangu sheria ya mwaka 1968, kwa sharti la kuwapisha wapita kwa miguu na wapanda farasi. Njia za miguu pekee si zetu. Salisbury Plain ni eneo la mazoezi ya jeshi pia, na bendera nyekundu ikipandishwa maana yake risasi ni za kweli. Geuza. Farasi ukimkuta popote duniani, ongea kwa sauti ya kawaida ungali mbali. Akisikia mtu hashtuki. Akisikia cheni ikinong'ona nyuma yake anashtuka.

Sasa upepo wa nje. Ukienda kilomita 20 kwa saa siku tulivu, hewa inakupinga kwa kasi hiyo ya 20. Ukivuma upepo wa kilomita 10 usoni nawe ukang'ang'ania 20 zako, hewa inakufikia kwa 30, na kwa kuwa ukinzani hupanda kwa mraba wa kasi, unasukumwa mara 2.25 ya awali. Ukitaka kutumia nguvu ileile dhidi ya hewa, itabidi ushuke hadi kilomita 14 hivi. Watu wengi hawakubali kushuka. Wanaona aibu ya namba iliyo kwenye saa ya baiskeli, na kufikia nusu ya njia miguu imekwisha. Kwenye uwanda nawaambia wafunike namba ya kasi kwa utepe na kusikiliza pumzi tu.

Kujificha nyuma ya mwenzako husaidia sana, lakini upepo ukija kwa ubavu lazima mjipange mshazari, na njia ya mistari miwili haina nafasi hiyo. Wawili watapata kivuli. Wa tatu yuko kwenye majani. Ndiyo maana kundi la watu wawili ndilo ninalolipenda huko.

Panga duara lako uanze kwa kuukabili upepo, miguu ikiwa bado haijachoka. Ukigeuka kurudi nao ukawa unakusukuma kwa kasi uliyo nayo, mngurumo masikioni unakatika. Kimya kinatanda, unasikia cheni, unasikia punje moja moja ya changarawe ikisagika chini ya tairi la mbele, na ndege wa nyasini ambaye bila shaka alikuwa akilia tangu asubuhi.