Kameza dawa ya wadudu? Maziwa weka pembeni kwanza

Ndugu zangu, mimi ni muuguzi kitengo cha dharura hapa Dar na kuna jambo linaniuma sana. Mtu analetwa kameza dawa ya wadudu, nikiuliza mmempa nini naambiwa maziwa, yai bichi, wengine wamemtia vidole atapike. Naelewa, ukiona mwanao anatoka povu akili inahama. Ila tafadhali usimtapishe. Dawa nyingi za maji zimechanganywa na mafuta ya jamii ya petroli, zikipanda kooni zinaweza kuingia mapafuni. Na maziwa hayaui sumu, yanamjaza tumbo tu atapike zaidi.

Halafu sio lazima mtu anywe. Mkulima wa mchicha kule bonde la Msimbazi bomba lake la mgongoni linavuja, shati limelowa lote na yeye anaendelea tu mpaka tuta liishe, jioni anatoka jasho na mate, machozi hayakatiki, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, nyama za mikono zinachezacheza, wenzake wanasema ni jua. Sio jua! Mvue shati hapohapo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, ya kipande inatosha, nywele, makwapa, chini ya kucha, kama dakika 15 mpaka 20, na wewe unayemwosha vaa glavu, huna basi vaa mifuko ya nailoni mikononi maana sumu hiyohiyo inakupata na wewe. Macho ni maji matupu yanayotiririka, muda huohuo.

Ila akihema kwa shida au kazimia usisubiri umalize kuosha, mvue nguo umkimbize. Mlaze kwa ubavu wa kushoto mate yatoke nje, chukua bajaji au taksi, sio bodaboda, hawezi kukaa huyo.

Na chupa njoo nayo. Najua dawa nyingi mnapimiwa kwenye chupa za soda hazina lebo, ilete hivyohivyo ikiwa imefungwa ndani ya mfuko, tuambie kanywa saa ngapi na kiasi gani. Zipo sumu zinazotibiwa kwa atropini, dawa tunayompa hospitali, zingine hapana, ndo maana tunauliza sana. Na akichangamka njiani msigeuze kurudi nyumbani, mtu aliyekunywa dawa ya magugu yenye parakwati anaweza kuongea vizuri leo, figo na mapafu yakaharibika siku zinazofuata.