Je, wajua kwa nini kiazi mviringo hupenda usiku wa baridi?

Ukipanda Mlima Kilimanjaro kutoka Moshi mjini, kila mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Tambarare ya Kahe, usiku wa Februari watu hulala bila shuka. Juu, karibu na msitu, blanketi moja haitoshi, na mchana mawingu hulifunika jua mara kwa mara. Hata hivyo kiazi mviringo huzaa huko juu. Ukikipanda kule chini kwenye joto, kinaweza kurefuka na kujaa majani, halafu ukichimba unakuta viazi vichache vya ukubwa wa gololi.

Kwa miaka mingi nisingeweza kulijibu fumbo hili, kwa sababu nilikuwa nimekariri kosa: mchana mmea hutengeneza chakula, usiku hupumua. Wengi tulilibeba hivyo, na ndiyo maana nyumba nyingine hutoa maua chumbani jioni ili yasimalize hewa ya wanaolala, wakati ua la kopo hutumia oksijeni kidogo mno kuliko mtu aliyelala kando yake.

Ukweli ni kwamba kupumua hakuna zamu. Mmea hupumua saa 24: jani, shina, mzizi, ua, hata kiazi kilichomo kwenye gunia. Kinachosubiri mwanga ni usanisinuru peke yake, yaani kazi ya kutengeneza chakula. Mchana hatuoni dalili ya kupumua kwa sababu hewa ya ukaa inayotoka humo hukamatwa mlemle ndani ya jani na kugeuzwa sukari, pamoja na nyingine nyingi inayovutwa kutoka nje. Mwaka 1779 daktari Mholanzi Jan Ingenhousz, akiwa Uingereza, alionyesha kwamba majani hutoa oksijeni penye mwanga na huichafua hewa gizani. Aliona pia kwamba mizizi na maua huichafua mchana na usiku. Nusu hiyo ya pili ndiyo iliyosahaulika.

Anayetaka ushahidi wa mkono aende panapoandaliwa kimea cha ulezi cha kutengenezea mbege, pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi. Ulezi uliolowekwa ukikusanywa na kufunikwa, baada ya siku moja au mbili vimizizi vyeupe hutokeza. Ingiza mkono katikati ya fungu hilo, hata saa sita mchana: utakuta uvuguvugu. Hakuna moto wala jua pale. Ni mbegu zinapumua, zinachoma wanga wake, na joto linabaki limefungiwa. Ajabu zaidi iko kwenye mizani: ulezi ule ukikaushwa tena huwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kabla ya kuloweshwa. Umeota, umerefuka, na bado umepungua.

Basi kukua kwa mmea ni kile kinachobaki baada ya kupumua kula sehemu ya sukari. Mchukue mama mwenye genge: mauzo yake ndiyo usanisinuru, matumizi ya nyumbani ndiyo kupumua. Anauza kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama, lakini familia inakula hata genge likiwa limefungwa. Kuna asubuhi na mapema, au siku ya mawingu mazito, ambapo mauzo yanalingana na matumizi. Hapo hapungukiwi wala haongezi kitu. Kwa mimea mingi, karibu nusu ya sukari ya mchana huishia kwenye matumizi haya. Lakini si hasara yote. Huyu mama anajenga, na tofali pekee haziinui ukuta, fundi naye lazima ale. Kupumua ndiko kunakomlisha fundi: kunatoa nguvu ya kutengeneza protini, kuunda seli mpya na kuvuta chumvichumvi kwenye mizizi.

Sasa leta joto. Joto likipanda kwa nyuzi 10, upumuaji huongezeka karibu maradufu. Usiku wenye joto ni kama wageni waliofika genge likiwa limefungwa: mlo unapanda, mauzo ni sifuri. Usiku wa baridi nyumba nzima imelala, na akiba ya mchana inabaki ikishuka kwenye kiazi.

Hapa lazima niweke tahadhari. Upumuaji hauelezi kila kitu, kwa sababu usiku wa joto pia huzuia ishara inayoviamuru vishina vya chini ya ardhi vianze kuvimba kuwa viazi. Tena mmea ukizoea joto kwa siku kadhaa, hupunguza matumizi kidogo. Wala si kila mmea huumia: miwa inastawi vizuri kwenye joto la tambarare ya kusini mwa Moshi, kwa kuwa jani la muwa lina njia yake ya kukusanya hewa ya ukaa bila kupoteza nyingi, na mauzo yake ya mchana ni makubwa.

Kahawa ya kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachagga, chini ya migomba, imechukua njia nyingine. Asili yake ni kivuli cha misitu ya Ethiopia. Jani lake la kivulini ni jembamba na hupumua taratibu, kwa hiyo hata mwanga hafifu unaopenya kati ya majani ya mgomba hulipa matumizi na kubakisha akiba. Mahindi yakipandwa pale pale, kwenye kivuli kile kile, yatarefuka kuufuata mwanga yakiwa na shina jembamba, na gunzi litatoka na punje chache.